Kuagana na Dawa ya Wasiwasi
Kauli ya Jumamosi, na Mwalimu Kipkorir arap Sigei

Yeyote aliyekaa Litein kwa muda, akazijua nyumba zilizo baina ya mashamba ya chai na barabara kuu iendayo Sotik, anajua ya kwamba wako jirani zetu, wake kwa waume, wasiopata usingizi bila ya kidonge. Na aghalabu kidonge hicho ni dayazepamu, ambayo wazee wangali wakiiita Valium, waliyopewa wakati wa msiba, au deni, au maradhi ya mtoto, kwa siku chache tu, kisha siku zile chache zikawa miaka. Hao siwalaumu hata kidogo. Walikwenda kwa tabibu wakiwa na fazaa ya moyo, wakapewa kitulizo, wakatulia; lakini hakuna aliyewaambia siku ya kukiacha wala namna ya kukiacha, na upungufu huo ndio ninaotaka kuunena leo.

Dawa za jamii hii zilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche: Librium ilitoka mwaka 1960, Valium ikaifuata mwaka 1963, na ulimwengu ukazipokea kwa furaha kama kwamba hazina deni la kulipwa baadaye. Deni lilikuwapo. Katika mji wa Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton alifungua mwaka 1982 kliniki ya watu waliotaka kuziacha, akakaa nao miaka 12, akiwasikiliza mmoja mmoja, na aliyoyaona huko ndiyo yanayopaswa kujulikana hapa Bureti.

Ubongo una kitulizo chake cha asili, ambacho wataalamu hukiita GABA, na kazi ya dawa hizi ni kukitia nguvu kitulizo hicho; lakini dawa inapodumu kwa miezi, ubongo huizoea, ukapunguza usikivu wake, hata dawa ikiondolewa ghafula mtu hubaki bila ya ngao mbele ya kila tishio: mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, usingizi ukamhama, sauti ndogo ikamchoma masikio, na wengine wakaangushwa na kifafa ambacho hawakuwa nacho kabla, na kifafa hicho chaweza kuua. Tena dayazepamu hukawia kutoka mwilini. Mtu akiitupa leo, aweza kupitisha siku kadhaa akijiona mzima, akatoa ushuhuda kanisani, na dhoruba ikamjia baadaye, wakati ambapo yeye na jamaa zake hawaihesabu tena dawa kuwa ndiyo sababu, bali hudhani maradhi ya zamani yamerudi, au kuna mwenye husuda. Kwa hiyo nawasihi wachungaji wetu, kwa heshima yote: mwombeeni mgonjwa, mkae naye usiku, lakini msimwamuru atupe vidonge vyake.

Njia iliyo salama ni ya taratibu, na ina hesabu yake. Mwongozo uliotolewa mwaka 2025 na vyama vya madaktari wa Marekani unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya majuma 2 hadi 4, na kutopita asilimia 25 kwa kila majuma 2. Tuchukue mfano wa mtu anayemeza miligramu 10 kwa siku: asilimia 10 yake ni miligramu 1 tu, nusu ya kidonge cha miligramu 2, naye aliye na vidonge vya miligramu 5 peke yake, hata akikikata kimoja kwa wembe mafungu manne, fungu moja limekwisha kupita kiasi hicho. Akilemewa, hungoja pale alipofika mpaka mwili utulie, kisha huendelea, na safari yaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi, bila ya fedheha yoyote. Yote haya yawe mkononi mwa tabibu, hasa kwa mja mzito, mzee, au aliyewahi kuanguka kifafa. Na pombe, iwe ya chupa au changaa, isishike nafasi ya kidonge kilichopunguzwa, kwani vikikutana hulemeza pumzi.

Mkulima wa hapa akishapogoa chai hulifunika shina kwa matawi yale yale aliyoyakata, jua lisiliunguze; na anayeacha dawa anahitaji stara kama hiyo, yaani ushauri nasaha, na mke au mume anayejua kwamba hasira za juma hili si tabia mpya.

Basi matabibu wetu, wa Kapkatet, wa hospitali ya misheni hapa Litein, na wa zahanati ndogo, waandike, siku ile ile wanapoiandika dawa, tarehe ya kuanza kuipunguza. Mwenye duka la dawa aliyezoea kuiuza bila ya cheti, akitaka kuifuata sheria, asimfungie mteja wake mlango ghafula, bali amwandikie barua ya kwenda hospitali, naye apokewe siku hiyo hiyo. Na mgonjwa aliyefika nusu ya safari, akaambiwa dirishani kuwa dawa imekwisha, arudi mwezi ujao, ameachishwa ghafula na serikali yenyewe; kwa hiyo Kaunti ya Kericho iweke akiba ya vidonge vya miligramu 2 kwa ajili ya watu hawa, na muuguzi mwenye orodha yao, awapigie simu kabla akiba haijaisha.