"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Fungua simu yako urudi nyuma kwenye meseji za mwezi uliopita. Huenda ukaikuta hiyo, na mwishoni imeandikwa "jina litakuja" la fulani. Aliyeituma hakujui. Ametega jarife tu, akijua kati ya mamia watakaoipata hatakosa mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba na aliyeahidi kulipa leo.

Safari moja, mmoja huyo alikuwa mama yangu mdogo, Temeke. Alivaa miwani, akaenda kwa wakala, akaweka laki mbili na nusu, akatuma. Jina lililotokea halikuwa la mwenye nyumba. Akajisemea labda ni laini ya mkewe. Jioni mwenye nyumba akabisha hodi, anaulizia kodi yake. Mama alikaa na siri hiyo wiki mbili, akiogopa kuchekwa. Na kusema kweli, tungemcheka.

Ndiyo maana naomba kwanza tuache kucheka. Aibu ndiyo inayompa tapeli nafasi ya kutoa hela na kuzima laini. Ukishtuka umetuma siko, piga 100 hapohapo, usingoje kesho. Hela ambayo haijatolewa bado ina matumaini. Kisha namba ya tapeli itume kwenda 15040, ya Mamlaka ya Mawasiliano, ifungiwe kabla haijamfikia jirani yako.

Wapo na wanaolia: "Nimekosea namba, ilikuwa hela ya mgonjwa, nirudishie." Hawa wanajua hatupendi kula cha mtu. Angalia salio lako, usiamini meseji. Hata ikiwa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige kampuni yake, kurudisha muamala ni kazi yao.

Namba ya siri ni ya kwako peke yako. Hakuna mfanyakazi wa benki anayeihitaji, wala zile tarakimu zinazoingia kwa meseji, hata akikuita kwa majina yako yote matatu. Na kama siku ya kusajili laini kijana wa mwamvuli alikwambia "kidole hakijakubali, weka tena", bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda ukaifute.

Leo jioni mpigie mama, au shangazi kule kijijini. Mwambie kwamba yeyote atakayemwomba hela kwa meseji, yeye ampigie kwanza kwa namba ile ya siku zote, amsikie sauti. Akikwambia alishatuma, usimuulize akili zilikuwa wapi. Muulize ametuma saa ngapi, kisha pigeni 100 pamoja.