Tabibu wa Zahanati Asiachwe Peke Yake



Mara ngapi tumesikia ikisemwa, "Huyo ni kichaa, apelekwe Mirembe"? Hospitali hiyo ya Dodoma imewapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, nayo yastahili heshima. Lakini mama wa Kigoma atampandishaje basi kijana asiyelala siku tano, na kwa nauli ipi? Akishindwa, huletwa kamba.

Anayempokea mgonjwa kwanza ni tabibu wa zahanati. Twamlaumu kwamba humpa vidonge vya maumivu na kumrudisha nyumbani. Je, tumeuliza yeye amepewa nini? Asubuhi hiyo hiyo wanamngoja wenye malaria, wajawazito na watoto. Pengine kabatini hamna dawa hata moja ya akili, wala hana bingwa wa kumwuliza. Kumlaumu mtu tuliyemnyima zana si haki.

Wapo wasemao kazi hii ni ya mabingwa tu. Si kweli. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maradhi ya akili kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa. Sonona, na hata kifafa ambacho wengi hukidhania kuwa wazimu, vyaweza kutibiwa karibu na nyumbani. Wengine husema fedha hakuna. Dawa za zamani kama klopromazini na fenobabitoni si za gharama kubwa. Gharama ni kumrudisha mgonjwa hospitalini kila mara dawa zinapokwisha kijijini.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, tabibu afundishwe, na bingwa wa mkoa amtembelee kwa ratiba inayojulikana. Pili, dawa za akili zifike zahanati pamoja na za malaria. Tatu, mgonjwa anaporuhusiwa hospitalini, aje na barua inayomweleza tabibu matibabu yaendeleeje.

Nasi tusijitoe lawamani. Zahanati za Kanisa ziwe za kwanza kutimiza hayo. Kiongozi wa jumuiya asimwambie mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Sala na dawa havigombani. Halmashauri ya walei na iulize katika kamati ya afya: dawa zipo? Bingwa alikuja lini?

Tusipouliza, tusiwacheke waliomfunga ndugu yao. Mnyororo ulio mguuni pake watushtaki sote.