Umejuaje?

Juma hili twataka kusema hasa na walimu wa sayansi katika shule za msingi na za sekondari. Lakini wazazi na wanafunzi nao wasikilize, maana jambo lenyewe lawahusu wote.

Mchukueni mtoto yeyote aliyemaliza mwaka wa sita, mkamwulize: Dunia ina umbo gani? Atajibu upesi: Dunia ni mviringo kama mpira. Mwulizeni tena: Umejuaje? Hapo wengi hunyamaza. Mwenye ujasiri atasema: Mwalimu alituambia, nasi tukaandika daftarini. Jibu la kwanza ni la kweli, wala hatulilaumu. Lakini jibu la pili latuonyesha upungufu. Mtoto huyo ana maneno ya sayansi. Sayansi yenyewe bado hajaipata. Kesho mtu mwingine mwenye sauti kubwa akimwambia kinyume, atashika lipi? Hana kipimo cha kupambanua kweli na uongo, ila ukubwa wa sauti ya msemaji.

Wala jambo hili si la mitihani tu. Twakumbuka maradhi ya Ebola yaliyoanza kutangazwa katika Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, yakaenea Ituri, yakagusa na Kivu ya Kusini, hata yakatangazwa kwisha mwezi wa Juni 2020. Watu 2,287 walifariki. Katika miezi hiyo uvumi ulikwenda mbio kuliko waganga: kwamba hakuna ugonjwa wowote, kwamba ni biashara ya watu fulani, kwamba dawa ndiyo yenye kuua. Uvumi huo ulipita kinywa kwa kinywa na simu kwa simu, na waliousadiki hawakuwa wajinga wote. Wengi wao walisoma shuleni. Ila shuleni walizoezwa kupokea maneno. Hawakuzoezwa kuuliza: Umejuaje?

Basi, simu ile ile yenye kubeba uvumi yaweza pia kumletea mwalimu msaada mkubwa. Katika intaneti yamewekwa masomo na majaribio ya sayansi maelfu kwa maelfu, mengi bila malipo. Shida ya mwalimu leo si uchache wa vitu hivyo, bali kuchagua. Kuna picha za kupendeza zisizomfundisha mtoto neno lolote, kama vile kuna chakula kitamu kisichojenga mwili. Kwa hiyo twashauri kila mwalimu, kabla ya kupeleka jambo darasani, ajiulize maswali matatu. Je, jambo hili litawafanya watoto watumie macho na mikono yao wenyewe? Je, lauliza kwanza na kujibu baadaye? Je, naweza kulifanya kwa vitu vilivyopo kijijini kwetu? Likishindwa mawili kati ya hayo, aliache.

Tutaje machache yanayofaa. La kwanza latoka Ufaransa. Mwaka 1996 mtaalamu Georges Charpak, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, pamoja na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré, walianzisha kazi iitwayo La main à la pâte, ili watoto wa shule za msingi wajifunze sayansi kwa kufanya. Desturi yao ni hii: mtoto aseme kwanza anachodhani kitatokea, halafu ajaribu, halafu aandike katika daftari yake ya majaribio alichokiona, hata kama hakilingani na alichodhani. Masomo yao yameandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo walimu wetu huitumia shuleni kila siku, na hayauzwi.

La pili ni PhET, lililoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, mwenye tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Hayo ni majaribio ya kuigiza katika kioo cha simu au cha kompyuta. Mwanafunzi aunga betri, waya na taa kwa kidole chake; akikata waya, taa yazimika. Au atia moto chini ya chombo, aone chembe za maji zikizidi kutikisika, kisha kutawanyika kuwa mvuke. Mengi yametafsiriwa kwa Kifaransa, na mengine hata kwa Kiswahili. Tena mengi yaweza kuhifadhiwa, yakatumika baadaye pasipo intaneti. Lakini igizo lisichukue nafasi ya kitu chenyewe. Mambo ya chembe, zisizoonekana kwa macho, yaonyesheni katika kioo. Mambo ya taa na betri ya tochi yafanyeni mezani.

La tatu latoka India. Mhandisi Arvind Gupta ametumia miaka mingi kutengeneza vitu vya kufundishia kwa takataka: chupa tupu, magazeti ya zamani, vijiti vya kiberiti. Ukiunga vijiti vya kiberiti kwa vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli, wapata umbo la pembe tatu na la pembe nne. Msukume mtoto abonyeze: la pembe nne lalala upande, la pembe tatu lasimama imara. Hapo amefahamu sababu ya fundi kutia pembe tatu katika paa la nyumba. Vitabu na sinema fupi za Gupta ziko wazi kwa kila mtu.

Twataja watu hawa ili tuonyeshe kwamba hata wenye tuzo kubwa hawakuona aibu kufundisha kwa vijiti na chupa. Wazo lenyewe si geni. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa zimebomoka. UNESCO ikatoa mwaka 1948 kijitabu cha kuwaonyesha walimu wa nchi hizo namna ya kufundisha sayansi kwa vyombo vya kujitengenezea. Mwaka 1956 kikakua kuwa kitabu kikubwa, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Jambo jipya leo ni kwamba mwalimu wa kijijini hangoji tena kitabu kifike kwa mashua.

Sasa tutoe mfano mmoja kamili. Mtaalamu Eratosthenes wa Aleksandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alipima dunia nzima kwa kivuli. Kazi ya La main à la pâte imewaalika watoto wa shule tangu mwaka 2000 wafuate nyayo zake. Nasi katika Kongo tuna bahati ya pekee: Bukavu na Lubumbashi ziko karibu mstari mmoja toka kaskazini hadi kusini, tena saa zao ni zile zile.

Shule moja ya Bukavu na moja ya Lubumbashi zipatane siku moja karibu na tarehe 21 Juni. Kila shule isimike fimbo yenye kimo cha meta 1 juu ya ardhi sawa, na kuihakikisha kwa timazi kwamba imesimama wima. Toka saa sita kasoro robo hadi saa sita na nusu mchana, watoto watie alama penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kipimo. Mwalimu awakataze kabisa kulitazama jua lenyewe; kazi yao iko chini, penye kivuli.

Kule Bukavu watapata karibu sentimeta 49, na Lubumbashi karibu sentimeta 70. Kisha wachore karatasini: mstari wa kusimama wa sentimeta 10 badala ya fimbo, na mstari wa kulala badala ya kivuli, yaani sentimeta 4.9 au 7. Waunge ncha mbili, na kupima pembe ya juu. Bukavu itakuwa karibu digrii 26, Lubumbashi karibu 35. Halafu walimu wapeane habari kwa simu, na watoto watoe: tofauti ni digrii 9.

Hapo mwalimu aulize: Kwa nini vivuli havilingani, na jua ni moja? Awaache wafikiri, asiwajibie upesi. Jua liko mbali sana, hata miale yake yafika kwetu sambamba. Kama ardhi ingekuwa tambarare kama meza, fimbo zote zingetoa kivuli sawa. Vivuli vimetofautiana kwa sababu ardhi imepinda kati ya miji hiyo. Katika ramani, si kwa barabara yenye kona, umbali wao wa kaskazini hadi kusini ni karibu kilometa 1,015. Basi kama digrii 9 ni kilometa 1,015, mzunguko wote wenye digrii 360 ni mara 40 yake: kilometa 40,600. Vipimo vya wataalamu vyaonyesha karibu kilometa 40,000. Watoto wenye fimbo na kamba wamepungukiwa na ukamilifu kidogo tu.

Twajua mtakayosema. Bei ya intaneti ni kubwa, umeme haupo, na darasa lina watoto sitini. Ni kweli. Lakini hatukusema kila mtoto awe na simu. Simu moja ya mwalimu yatosha, tena si lazima iingie darasani. Mwalimu akifika mjini, asome na kuhifadhi somo moja; jioni alijaribu mwenyewe nyumbani; siku ya pili apeleke fimbo, chupa au kiberiti. Walimu watatu wa shule moja waweza kuchanga pesa na kugawana walichopata. Watoto sitini wagawanywe makundi kumi, kila kundi na fimbo yake. Vipimo kumi ni bora kuliko kimoja, maana vyaonyesha nani amekosea. Majaribio ya asidi, ya moto mkubwa au ya umeme wa nyumbani myaache, hata yakipendeza namna gani katika kioo.

Na jaribio moja lisilohitaji hata simu: mpakeni mtoto mmoja unga wa chaki ya rangi mkononi, awape mkono wenzake wawili, nao wawape wengine. Baada ya salamu chache, watoto watazame viganja vyao. Walioiona chaki imefika mikononi mwa watoto ambao hawakumgusa yule wa kwanza, hawatahitaji hotuba ndefu juu ya kunawa.

Wahenga walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni na matope magotini, akisema walikuwa wakipima kivuli, msimkaripie kwamba amepoteza siku. Mwulizeni alichokipata, na amekipataje. Nanyi walimu, kati ya sasa na mwezi wa Juni kuna wakati wa kutosha kutafuta shule rafiki upande wa pili wa nchi. Fimbo zipo, jua lipo. Kilichobaki ni kupatana siku.