Chungu cha Watoto wa Dahalia

Mtoto aliye kwao akinyimwa chakula, jirani husikia kilio. Mtoto wa dahalia hana jirani. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo kuwakumbusha wahusika habari ya Kanada, nchi yenye ngano na ng'ombe tele.

Serikali ya huko, ikishirikiana na makanisa, iliwatenga watoto wa wenyeji wa asili na wazee wao, ikawaweka katika shule za bweni. Kwamba walikuwa wakilishwa vibaya haikuwa siri: katika miaka ya 1940 wakaguzi wa serikali yenyewe walikwenda, wakaona, wakaandika. Mwenye akili angedhani kilichofuata ni kuongeza chakula. La! Baina ya 1948 na 1952 shule 6, zenye watoto wapatao 1,000, ziligeuzwa uwanja wa majaribio ya lishe. Aliyeyasimamia, Lionel Pett, alikuwa miongoni mwa watungaji wa kanuni za ulaji za taifa hilo za 1942. Yaani alijua fika mtoto ahitaji nini.

Huko Alberni, katika Kisiwa cha Vancouver (nao ni watu wa visiwani kama sisi), watoto walipewa maziwa wakia 8 kwa siku, chini ya nusu ya kipimo kilichopendekezwa. Wakaachwa hivyo miaka 2, ili wataalamu wapate cha kulinganishia watakapoyaongeza. Hata kinga ya meno ilizuiwa, isije ikaharibu vipimo. Katika shule nyingine walilishwa unga uliotiwa virutubisho, na upungufu wa damu ukazidi. Hakuna ushahidi kwamba wazazi waliombwa ridhaa.

Mwanahistoria Ian Mosby aliyatangaza haya mwaka 2013, akiyatoa katika majalada ya serikali. Hesabu zote zilikuwamo, wakia kwa wakia, na kwa miaka 60 hazikumshibisha mtoto hata mmoja.

Hatusemi kwamba dahalia zetu na nyumba zetu za yatima zimefika huko. Lakini sisi tuliopita chuoni tulifunzwa mapema uzito wa mali ya yatima, na tunajua kwamba fungu lililoandikwa daftarini si lazima liwe ndilo lililomo sahanini. Basi afisa mhusika na afike saa ya kula, bila ya kupeleka habari, aketi na watoto, ale walacho. Wazee wa mtaa nao waruhusiwe kuingia jikoni, na vyakula vya ghala vipimwe mbele yao.