KOSA LA KALAMU NA KOSA LA BARABARANI



Twasikia baadhi ya ndugu zetu wa Shinyanga, Kahama na Geita wakisema ya kwamba askari wa barabarani akikosea herufi moja ya jina la dereva, au tarehe, basi karatasi ya faini haina nguvu tena na hakimu ataitupa. Neno hili ni tamu masikioni, lakini yapasa tulipime kabla halijamponza mtu.

Kwanza na ijulikane kwamba karatasi ile si shitaka. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ni hati ya kumwarifu mtu kosa analodhaniwa kulitenda, na kumpa nafasi ya kulipa faini bila kufika mbele ya hakimu. Akikataa, na shauri likifika barazani, huandikwa hati ya mashtaka; nayo hakimu aweza kuamuru irekebishwe. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana miaka mingi kuwa cha 388, yakataza kutengua hukumu kwa ajili ya kosa la maandishi, ila kama kosa hilo limepoteza haki.

Mahakama ya Rufani ilipoketi Mtwara mwaka 2019 iliona shitaka lisilotaja vifungu sawasawa. Lakini maelezo yake yalikuwa wazi na mshitakiwa alielewa, basi halikuvunjwa. Kinyume chake, mwaka 2006 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba shitaka lililoacha jambo la lazima la kosa lina dosari kubwa, maana mshitakiwa lazima aijue kesi inayomkabili.

Basi mizani ni hii: je, kosa la kalamu limemzuia mtu kujua ashitakiwa nini, na kujitetea? Masanja akiandikwa Masanje, hapana neno. Lakini namba ikiwa ya motokaa nyingine, hapo hatuulizi tena herufi, twauliza ni nani aliyetenda. Mtu akiambiwa amepita mwendo wa 50 bila kutajwa mahali, atajuaje kama alikuwa ndani ya makazi, ambamo kipimo hicho hutumika, au njia ya wazi baada ya Tinde? Na pikipiki ikiandikwa gari, hasara ni ya fedha, kwa kuwa bajeti ya mwaka 2021 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000.

Kwa hiyo twashauri hivi. Soma hati pale pale ulipopewa, na ukiona kosa, liseme kwa adabu. Usilipe kwanza ndipo ulalamike, maana kulipa ni kulimaliza shauri. Itunze karatasi, andika saa na mahali ungali unakumbuka, na ukifika barazani sema mapema, usingojee rufani.

Nasi makarani tusiwacheke askari. Kila siku twaandika majina, tarehe na namba za watu katika vyeti na hati za malipo, na mjane aliyekosewa jina hana hakimu karibu wa kumrekebishia. Tukidai kalamu ya askari iwe nyofu, na ya kwetu iwe nyofu kwanza.