MUHURI HAUVUTI WAYA

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu wanaosema kwamba leseni ya kutia umeme majumbani ni hila ya Serikali ya kula pesa zetu tu. Mimi sikubali. Umeme huo huitwa wa nguvu ndogo kwa kuwa hauzidi volti 1000, lakini jina hilo lisiwadanganye. Volti 240 za nyumbani zatosha kumlaza mtu asiamke tena.

Sheria ya Nishati ya 2019 inakataza kazi hiyo kwa mtu asiye na leseni ya EPRA. Maandishi ni mazuri. Lakini nauliza: ni nani hasa anayepanda darini?

Ndugu yangu alijenga nyumba ya vyumba viwili. Kontrakta mwenye leseni hakufika hata siku moja. Vijana wawili wasio na cheti ndio waliovuta waya, kwa ujira wa kutwa, naye akapiga muhuri mezani kwake kwamba kazi imekaguliwa. Juma la kwanza bomba la kuogea la maji moto likampiga shemeji yangu. (Alikuwa na ndara miguuni, Mungu ashukuriwe.) Tulipofungua tukakuta waya wa ardhi umeachwa ukining'inia, haukufungwa popote. Kijana mmoja alidhani mwenzake ameufunga. Kosa kama hilo mkaguzi angeliona kwa dakika tano, kama angalikuwapo! Kontrakta akanawa mikono kama Pilato: makosa ni ya vijana. Pesa zilikuwa zake, makosa yakawa yao.

Sisi wa reli hatuelewi jambo hili. Je, gari la moshi litaruhusiwa kuondoka na mtu aliye kitandani kwake?

Na wale vijana si wajinga. Mmoja ana miaka minane katika kazi hiyo, ila hana siku ya kwenda kufanya mtihani wa NITA, maana asipokwenda kazini watoto hawali. Mwenye muhuri anapenda iwe hivyo. Kijana akipata karatasi yake, muhuri utauzwa kwa nani?

Kwa hiyo chama kidai mambo haya. Jina la aliyevuta waya liandikwe katika cheti cha nyumba. Anayetia sahihi bila kufika anyang'anywe leseni. Na siku ya mtihani ilipwe mshahara kama siku ya kazi.

Nitalileta jambo hili katika mkutano ujao wa tawi. Anayepinga aje apinge mbele ya watu, si katika hoteli ya chai.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli