Nani Kasema Kufa ni kwa Wanyama?

Watoto wetu hufundishwa darasani kwamba mnyama hufa, mtu hufariki. Mwanafunzi akiandika kwenye insha kwamba babu yake alikufa, neno linakatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni anaandikiwa "alifariki". Kanuni hiyo haina asili katika Kiswahili, na walimu wanaoishikilia wanawapotosha watoto.

Kufa ni neno la kale la Kibantu. Mganda husema okufa, Mshona kufa, Mnyarwanda gupfa, Mzulu ukufa, na wote wanasema hivyo kuhusu binadamu. Fariki limetoka kwenye Kiarabu, ambako faraqa ni kuachana na kitu. Farakana na mfarakano ni ndugu zake. Ndiyo maana twasema mtu amefariki dunia: ameachana nayo. Ni tafsida, na tafsida nzuri. Nami nikitumwa kumpa mama habari ya mwanawe, sitamwambia "amekufa". Lakini hiyo ni adabu ya kusema na mfiwa, wala haiwi kanuni ya sarufi.

Na huyo mfiwa jina lake limetoka wapi? Tunapeana pole kwa kufiwa, tunaomboleza kifo, tunawaombea wafu. Yote hayo yamezaliwa na kufa. Anayedai kwamba kitenzi hiki ni tusi atutafutie kwanza jina jingine la wafiwa. Ijumaa Kuu makanisani inatamkwa wazi kwamba Yesu alikufa msalabani, na hakuna muumini anayehisi Bwana wake kavunjiwa heshima. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918, ina maandishi ya Kiswahili, na neno lililochaguliwa kuwaenzi ni hilohilo, kufa.

Shuleni madhara ni alama chache zinazopotea. Kwenye vyombo vya habari ni makubwa zaidi, kwa sababu fariki ni neno pole. Linampa mtu kuondoka kwa utulivu, kana kwamba aliaga. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, Mei 1996, ikiwa imejaza abiria kupita uwezo wake, mamia walikufa maji. Kiswahili kina msemo kamili wa kifo hicho, wala hakuna awezaye kusema "walifariki maji". Mhariri akiandika tu kwamba walifariki, maji yanatoweka, na uzembe wa kujaza watu unatoweka nayo. Vivyo hivyo kwa mahabusu aliyeingia kituoni mzima akatolewa maiti: kesho yake tunasoma kwamba "alifariki akiwa mikononi mwa polisi". Kama alipigwa, hata kufa hakumtoshi. Ameuawa, na gazeti liandike hivyo.